Mshumaa Wenye Kitako Chekundu

Edirne, 12 Novemba 1964

Mwanangu Hurşit,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wa chumba, hata yule anayekoroma. Sisi huku wazima. Mama yako mzima. Magoti yanamsumbua akishuka ngazi, akipanda hayamsumbui, jambo ambalo daktari ameshindwa kulieleza. Paka amezaa ndani ya sanduku la taulo za duka, kwa hiyo wateja wa wiki hii nimewafuta nyuso kwa gazeti. Nilisoma kwanza, ndipo nikawafuta. Ndiyo elimu yangu, unaijua.

Mvua zimeanza. Mto Tunca unanung'unika chini ya daraja kama mzee aliyenyimwa tumbaku. Meriç bado umenyamaza, na Meriç ukinyamaza ndipo watu wenye akili wanapandisha magunia ya unga ghorofani. Sisi tumepandisha.

Kiangazi chote hukuandika, wala hukuuliza habari za mieleka ya Kırkpınar. Basi nikupe bila kuulizwa. Nilisimama katikati ya majani, wanaume wamejipaka mafuta mpaka hata inzi hapati pa kukaa, nikawanadi mmoja mmoja: jina lake, la baba yake, la kijiji chake, na shairi la kumtia moyo. Sauti bado ipo. Kabla ya pambano la kwanza niliwataja wanamieleka waliotangulia mbele ya haki, na uwanja mzima ukawasomea Fatiha. Jina la baba yako nililiweka la mwisho, kama kila mwaka, ili libaki masikioni. Watu elfu kumi walimwombea Nail. Hata Sultani aliyejenga msikiti wa Selimiye sidhani kama anaombewa na wengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

Alhamisi tulikwenda makaburini, mama yako na mimi. Alifagia, akamwagilia waridi, akamsimulia marehemu habari za magoti. Mimi nilisimama kando nikishika ndoo.

Sasa niambie, mbona barua zako zimekuwa fupi kama za benki? Una mchumba Mjerumani? Kama ni hilo sema tu. Mama yako ameshalia tayari, ameweka akiba.

Ami yako,
İhya


Bremen, 20 Desemba 1964

Ami yangu,

Nakubusu mkono, na wa mama pia. Huku theluji, kiwanda, usingizi, kiwanda. Mkoromaji amehamishiwa zamu ya usiku, kwa hiyo sasa anakoroma mchana na sisi tunamkosa. Mchumba sina. Mwambie mama machozi ayarudishe akibani.

Ami, yule uliyemzika, ulimtambuaje?

Karatasi hii nimeianza mara nyingi na mara zote nimeichana nikifika kwenye swali hilo. Leo limeshaandikwa, acha niendelee.

Mwezi wa Julai nilikwenda Hannover kumtazama rafiki aliyevunjika mguu. Nikala kwenye kantini ya kituo cha treni. Nilipokuwa narudisha sahani pale dirishani, mkono uliokuja kuipokea niliujua kabla sijaona uso. Unakijua kile kidole gumba, kilichokaa upande tangu pambano la Babaeski. Nikainama nikatazama ndani. Akanitazama naye. Akasema: "Umekuwa mrefu." Ndivyo alivyosema, Ami, kama mtu aliyetoka nje mara moja kununua mkate. Na kweli, si ndivyo alivyomuaga mama siku ile? Kwamba anavuka daraja kununua mkate?

Baba yu hai. Anaosha masufuria. Jikoni wanamwita Niko, kwa sababu alikuja na vibarua wa Kigiriki kutoka Salonika, na karatasi zake sikuuliza alizipataje. Anajua kuwa alizikwa. Alisikia hukohuko Salonika kwa mchuuzi wa tumbaku wa kwetu ambaye hakumtambua. Anasema alicheka siku nzima, halafu hakucheka tena.

Aliniuliza nani bingwa siku hizi. Aliniuliza habari za mama. Nikasema mzima. Hapo nikakwama. Ami, tangu ulipomwoa mama, hakuna barua hata moja uliyoandika neno "mke wangu". Unaandika "mama yako", utafikiri ni mpangaji wa chumba cha pili. Nilidhani ni heshima. Sasa naona labda sisi sote hatukuwa na neno. Mbele ya baba nami sikuwa nalo. Sikumwambia kwamba mama ameolewa, wala kwamba ameolewa na wewe.

Nimekaa na jambo hili kiangazi chote. Samahani kwa kukugawia.

Mwanao,
Hurşit


Edirne, 27 Februari 1965

Mwanangu Hurşit,

Salamu. Ramadhani tulifunga salama na Idi tulikula. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mafuriko. Wabulgari huko juu walifungua mabwawa yao, Tunca ukaja mpaka kwenye kizingiti cha duka, ukaingia, ukazunguka kidogo kama mteja asiyejua anataka nywele au ndevu, ukatoka na viti viwili. Kimoja tulikiona kimenasa kwenye daraja. Kingine kitakuwa Ugiriki sasa, na heri yake.

Ndiyo tabia ya mji wetu. Mito mitatu inakutana hapa, kila mmoja unaleta vya wenyewe na kuchukua vyetu. Tulikuwa makao ya masultani, wakaipata Istanbul, wakahama bila kuaga vizuri. Wakatuachia misikiti mikubwa kuliko watu wa kuijaza. Nenda pale Selimiye, kwenye nguzo fupi chini ya jukwaa la wasoma adhana, utaona ua la tulipu limechongwa kichwa chini. Wanasema mwenye shamba ulipojengwa msikiti alikuwa mkaidi, hakutaka kuuza, basi fundi akaweka ukaidi wake pale kichwa chini ili ukumbukwe. Karne nne zimepita na watu bado wanakuja kuutazama. Mahali pengine aibu huzikwa. Sisi huichonga kwenye marumaru na kuwatoza wageni chai. Na kisiwa chenyewe cha mieleka, babu yako aliwahi kufungiwa pale wakati Wabulgari walipouteka mji, yeye na mateka wenzake wakala maganda ya miti mpaka miti ikabaki uchi. Siku hizi juu ya majani yaleyale watu wanakula kondoo na kupiga makofi.

Nimejaza ukurasa. Unaona mwenyewe ninachofanya.

Barua yako niliipata kabla ya Idi. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikamnyoa mteja nusu ya kidevu nikamwambia imekwisha. Alikuwa ameshafika mlangoni.

Umeniuliza nilimtambuaje. Kwa sikio. Majira ya kuchipua, miezi baada ya baba yako kutoweka, wavuvi walimtoa mtu kwenye Meriç. Uso samaki walikuwa wameshauchukua. Lakini mabega yalikuwa mapana, kimo kilekile, na sikio la kushoto limevunjika na kukunjamana kama uyoga uliokanyagwa, kama lilivyo la kaka yangu. Mimi kinyozi. Nimenyoa kuzunguka sikio lile tangu nikiwa mwanagenzi. Nikasema ni yeye. Mjini kwetu kila mwanamume aliyewahi kuvaa suruali ya ngozi na kusukumana kichwa kwa kichwa ana sikio kama hilo. Nusu ya wateja wangu wanalo. Nilijua hivyo siku ile kama ninavyojua leo. Lakini nikasema ni yeye.

Mama yako sijamwambia. Nimehamia chumba cha mbele kwa kisingizio cha kikohozi. Nakohoa kila nikikumbuka. Juzi nilikwenda makaburini peke yangu nikasimama pale mguuni pa kaburi, na salamu ikanikwama, kwa sababu salamu ni lazima uwe unamsalimu mtu.

Usimwambie yeye wa huko. Mimi sitamwambia huyu wa huku. Labda itapita kama maji.

Ami yako,
İhya


Bremen, 21 Machi 1965

Ami yangu,

Nakubusu mkono. Afya njema. Nimenunua koti. Koti la kijivu, haliingizi upepo. Naona nami nimeanza kufanya kama wewe, basi niache koti.

Nilimwambia. Hukutaka nimwambie, lakini Jumapili alinikaribisha chumbani kwake, akanipikia maharage, na wakati tunakula akasema, "Mama yako bado anatia mdalasini kwenye maharage? Mimi nilikuwa nalalamika, sasa nami natia." Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia: mama aliolewa, miaka mitatu baada ya maziko, na Ami İhya.

Aliendelea kula mpaka sahani ikaisha. Kisha akasema, "İhya anakunja miguu ya suruali yake bado?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mtu mzuri." Halafu akaosha vyombo, vyake na vyangu, kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Nikamuuliza kwa nini aliondoka. Nilidhani kuna mwanamke, deni, siasa. Ami, alikuwa ni mkono. Unakumbuka fainali ile aliyoshindwa na mwanafunzi wake, Dursun? Wote tulikuwapo. Dursun alimgeuza, kitovu kikaona jua, mambo yakaisha. Hilo, anasema, angelivumilia, kila kitovu kina jua lake. Lakini Dursun kijana mwenye adabu akamwinua, akainama mbele ya uwanja mzima, akaubusu mkono wa mwalimu wake kama desturi inavyotaka. Watu wakapiga makofi kwa adabu ile. "Walimpigia yeye makofi kwa sababu ya mkono wangu," alisema. "Kila nilipopita mjini baada ya siku ile, watu waliniamkia kwa upole. Hujui upole unavyochoma." Vuli ilipoingia akatoka kununua mkate.

Nikamwambia, rudi, hata kwa siku moja, uyaweke mambo sawa. Akatabasamu lile tabasamu la upande. "Mtu aliyekufa huwa harudi bila kualikwa," alisema. "Au watanitumia mshumaa wenye kitako chekundu?"

Unajua alichomaanisha. Ndivyo tunavyomdhihaki mtu anayejivuta mpaka abembelezwe. Ila macho yake hayakuwa ya dhihaka. Nadhani alikuwa anakumbuka zamani, mabwana wa uwanja walipokuwa wakipeleka mshumaa ule kijijini na kuutundika kwenye mkahawa, na kila mwanamieleka akajua kuwa ameitwa.

Nisamehe, Ami. Nimefungua bwawa la huku.

Hurşit


Edirne, 9 Mei 1965

Mwanangu Hurşit,

Salamu. Mawaridi yametoka. Paka amezaa tena; sanduku lilelile. Mama yako anakusalimu, na safari hii salamu ni zake kweli, amesimama nyuma ya kiti changu akihakikisha ninaandika.

Amejua. Nikueleze ilivyokuwa, maana yeye anasema nisipoeleza vizuri atachukua kalamu.

Alikuwa anachambua maharage. Akasema bila kuinua macho, "Wewe İhya, ni nani?"

"Nani nani?"

"Huyo anayekufanya ukohoe usiku tu."

"Sina mtu, Saime."

"Mwanamume anayehama kitanda cha joto mwezi wa pili ana mtu. Ni yule mjane wa mwoka mikate? Sema tu, nimjue wa kumlaani."

Nikasema, "Mtu ninaye. Ni Nail."

"Nail anakukataza kulala kutoka kaburini?"

"Hayumo kaburini."

Akachambua maharage mengine. Mengi. Mabaya akayaweka kwa mazuri, nikaona, nikayaacha. Nikamweleza yote uliyoniandikia: Hannover, masufuria, mkono wa Dursun, maharage yenye mdalasini. Alipomaliza kusikiliza alisema neno moja tu: "Kwa hiyo mimi nilimlilia nani?"

Akachukua fagio akaenda makaburini. Akarudi jua linazama, fagio begani kama bunduki. Akasema, "Yule wa kule juu hajanikosea. Miaka yote hii nimemweleza shida zangu, hajanikatiza hata mara moja. Na mahali fulani kuna mwanamke anayemwekea sahani mezani mpaka leo." Kisha akanigeukia. "Na wewe kinyozi. Siku ile uliangalia sikio, au uliangalia nafasi?"

Nikalichukua fagio begani mwake nikaliegemeza ukutani. Nawe usiniulize.

Nikaenda kwa mufti. Yaani yeye alikuja kwangu, Ijumaa, kupunguza ndevu. Nikamwambia nina rafiki yangu mmoja aliyemwoa mjane wa kaka yake, na kaka akaonekana hai.

"Huyo rafiki yako kazi yake nini?" akauliza mufti.

"Fundi wa hivi hivi."

"Basi mwambie rafiki yako aushushe kwanza huo wembe, mkono unamtetemeka."

Nikaushusha. Akaniambia aliyeoa kwa kudhani hana dhambi, lakini akishajua, akae kando mpaka mume wa kwanza aseme mwenyewe: anamtaka mkewe, au anamwacha. Hivyo ndivyo tulivyo. Kwa serikali kaka yangu amekufa, kwa mufti yu hai, mama yako bado hajaamua. Mimi nimehamia dukani, nalala kwenye kile kiti kinacholala. Watu wananiuliza, nasema nalinda paka. Nyumba yangu yote sasa imening'inia kwenye ulimi wa mwosha masufuria wa Hannover, na wewe na mama yako mnajua kuwa ulimi ule haukuwahi kuwa mwepesi.

Mwenye akili katika familia hii ni mama yako. Jumatatu alinunua mshumaa mrefu, akayeyusha nta nyekundu kwenye kibirika cha kahawa (kibirika kimekufa), akauchovya kitako mwenyewe. Umo kwenye kifurushi hiki. Anasema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mpe. Mwambie ameitwa. Aje uwanjani kama watu, mchana kweupe, aseme analotaka kusema. Nyumbani kwangu sijamwita, ni uwanjani."

Mieleka ni mwishoni mwa Juni. Nami mwaka huu tena nitasimama na ile orodha ya marehemu kichwani, na jina la mwisho sijui nitalifanyaje.

Ami yako,
İhya


Bremen, 14 Juni 1965

Ami yangu,

Salamu kwenu wote. Mshumaa ulifika umevunjika katikati, watu wa forodha waliufungua kuona kama kuna kitu ndani. Nilimpelekea hivyohivyo. Aliushika vipande viwili, akaviunganisha, vikaachana, akaviunganisha. Nikaondoka.

Jumamosi nilirudi. Mwenye nyumba anasema Bwana Niko amelipa, ameacha funguo, ameondoka na begi. Hakusema anakwenda wapi. Kantini hawajui.

Sijui kama anakuja kwenu au amekwenda tena kununua mkate. Mwandae mama kwa yote mawili. Nijibu upesi, Ami, hata mstari mmoja.

Hurşit


Edirne, 4 Julai 1965

Mwanangu Hurşit,

Salamu, na samahani kwa siku za kimya. Mstari mmoja usingetosha.

Siku ya kwanza ya mieleka mama yako alikataa kwenda. Alibaki nyumbani anafagia ua ambao alikuwa ameshaufagia. Mimi nilivaa vazi langu la unadi, nikavuka daraja na umati, watu wamebeba mikeka na matikiti, ngoma zinalia, na kila aliyeniamkia nilimwona kama anayejua kitu. Hakuna aliyejua. Aibu ndivyo ilivyo, inakufanya ujione maarufu.

Nikasimama katikati ya majani. Nikaanza kuwataja marehemu mmoja mmoja. Nikafika mwisho, pumzi ikakatika. Uwanja ukangoja. Mzee mmoja kwenye viti vya mbele, aliyezoea orodha yangu, akapaza sauti: "Nail! Umemsahau kaka yako, kinyozi!" Watu wakacheka kidogo, kwa upole. Ule upole aliokuambia. Sasa naujua.

Ingekuwa rahisi mwanangu, herufi nne tu. Badala yake ulimi wangu ukasema: "Na mwanamieleka aliyeletwa kwetu na mto. Sikio lake la kushoto limevunjika. Jina lake hatulijui, tumemlaza mahali pa mtu mwingine, na kwao hawajaambiwa. Fatiha."

Minong'ono ikaanza kutambaa kwenye viti, nikaona vichwa vinageukiana, nikatamani majani yanimeze. Hakuna mkono ulioinuliwa. Kisha pembeni kabisa, chini ya mierebi wanakokaa wasiokuwa na tiketi, nikaona mtu mmoja amevaa koti zito la Kijerumani katika jua la Juni, begi liko miguuni, mikono ameifungua anasoma. Watu waliokuwa karibu naye wakafungua yao. Ikaenda hivyo, safu kwa safu, mpaka jukwaa la wakubwa.

Nilimjua kwa sikio. Lakini safari hii nilingoja mpaka nikaona na uso.

Jioni nikamwendea. Yeye ndiye mkubwa wangu, nikainama nimbusu mkono. Akauficha nyuma ya mgongo.

"Mkono acha," akasema. "Mkono ndio ulionitoa mjini."

"Umekonda, kaka."

"Wewe umenenepa."

"Nilisikia umekufa."

"Hata mimi nilisikia."

Tukaenda kula maini ya kukaanga kwa mzee Rüknettin, kwa sababu hatukujua pengine pa kwenda. Rüknettin alimtazama, akatazama kikaango, akamtazama tena. "Wewe si ulikufa?" Nail akasema, "Kidogo." Rüknettin akamwita mkewe: "Mwongezee pilipili huyu, ametoka mbali." Mji uliowaona masultani wakihama hauwezi kuzimia kwa ajili ya mtu mmoja aliyerudi. Ila mlangoni watu walijaa, na mpaka leo wateja wangu wanaingia bila haja ya kunyolewa. Wananitazama, wananunua sabuni, wanatoka. Navumilia. Sabuni imeisha.

Asubuhi mufti na Rüknettin walikuja kuwa mashahidi. Nail hakuingia ndani, alisimama kwenye mlango wa ua. Mama yako alisimama juu ya ngazi. Mimi nilisimama barabarani na paka. Nail akamwita, "Saime." Akaitika, "Nail." Baada ya hapo kila mmoja akatazama mzabibu wa uani. Kisha Nail akatamka anachotakiwa kutamka mtu anayemwacha mke, vizuri, bila kukwama, kama aliyekuwa amekifanyia mazoezi njia nzima kwenye treni. Mama yako hakulia. Nail akafungua begi, akatoa mkate. Mkate wa Kijerumani, mweusi, mgumu kama tofali la Selimiye. Akaunyoosha juu kuelekea ngazini.

"Umechelewa," mama yako akasema. "Tulishakula."

Lakini alishuka. Kwa magoti yale, ngazi zote, akaupokea.

Siku iliyofuata kaka yangu aliazima patasi akaenda makaburini kulifuta jina lake. Nilimshikia ndoo. Si jambo linalopendeza, kumwona mtu anajikwangua kwenye jiwe lake mwenyewe, na alifanya taratibu, hakutaka kulichubua jiwe la mwenzake. Jana alipanda basi la kwenda vijiji vya juu ya mto. Ameubeba ule mshumaa, ameuunganisha kwa moto. Atauweka mezani kwenye kila mkahawa na kuuliza kama kuna nyumba iliyopotelewa na mwanamieleka miaka ile. Leo ameshatuma salamu kwa dereva: ameonyeshwa masikio mengi, nyumba yenye sahani ya ziada bado hajaiona. Anasema hatarudi kabla ya kuiona. Safari hii tunajua aliko.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha hapa.

Eda ya mama yako itakwisha vuli. Mimi bado nalala dukani. Nilimtumia ujumbe kwa jirani kuuliza mambo yatakuwaje baada ya hapo, akanijibu kwamba mara ya kwanza alirithiwa kama koti la marehemu, na alikuwa amechoka mno kukataa. Mara hii hataki kurithiwa. Anayemtaka aje amwombe kwa wenyewe, kama mwanamke mwingine yeyote. Nikauliza, kwa nani, baba yake amekufa, kaka zake wamekufa, wote kwa uhakika. Akasema: "Nina mtoto wa kiume. Mwandikie."

Ndiyo maana nimevaa tai kuandika barua hii, na Rüknettin anadhani nimechanganyikiwa. Umri wangu huu, mbele ya mtoto niliyemnyoa nywele za kwanza. Aibu imenishika hapa shingoni, au ni tai. Basi kwa amri ya Mwenyezi Mungu na mwendo wa Mtume wake, mimi İhya, kinyozi, mwenye viti vichache kuliko mwaka jana, nimekuja kwako kumposa Saime.

Jana alinitumia kahawa dukani. Ilikuwa na chumvi, kijiko kizima, kama wasichana wetu wanavyomtilia mposaji waone kama atakunja uso. Duka lilikuwa limejaa watazamaji. Niliinywa mpaka machicha, nikasema ni tamu.

Ukikubali, usiniandikie maneno mengi, sitayaweza. Niulize tu mahali popote katika barua, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: mke wako hajambo?

Ami yako,
İhya